Maswali ya wasomaji: Mtoto wa mbwa anayekulia ndani ya nyumba

Barua nyingi tulizopokea safari hii zina shida moja. Mtoto wa mbwa ameletwa nyumbani na wenye nyumba wanashinda ndani: wengine wanafanyia kazi nyumbani, wengine wananyonyesha au wanauguza, wengine wanasubiri chanjo zikamilike. Wote wana hofu kwamba mbwa atakua mwoga au mkali. Tunaanza kwa kusema kwamba mbwa anaweza kulelewa ndani na akawa mtulivu kabisa. Kinachomharibu ni siku zinazofanana: watu walewale, sakafu ileile, sauti zilezile, na kutobaki peke yake hata dakika moja. Majibu yetu yote yanatokana na hapo.

SWALI: Wataalamu, salaam. Mtoto wetu wa mbwa ana wiki 9 na amechomwa chanjo ya kwanza tu. Daktari wa mifugo amesema asitoke nje mpaka chanjo ziishe wiki ya 16. Jirani yetu aliyefuga mbwa miaka mingi anasema mbwa wa kufungiwa huwa mkali. Tumsikilize nani?

JIBU: Wasikilizeni wote wawili, maana kila mmoja anatazama kalenda yake.

Daktari anatazama ugonjwa. Virusi vya parvo hutoka na kinyesi cha mbwa mgonjwa, hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka, na vikimpata mtoto wa mbwa humtapisha na kumharisha damu hadi kumuua ndani ya siku chache. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16 au zaidi. Wengi hudhani hurudiwa kwa sababu dozi ya kwanza ni dhaifu. Sababu ni kinga aliyoipata kwa kunyonya dang'a kwa mama yake: ikiwa bado imo mwilini, huizuia chanjo isishike, na kwa kumtazama tu huwezi kujua ni wiki gani itakwisha. Kwa hiyo dozi ya mwisho msiiruke hata kama mbwa anaonekana mzima.

Jirani anatazama akili. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi, mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi ambao hataupata tena maishani. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1961, watoto wa mbwa waliolelewa uwanjani bila kukutana na binadamu hadi wiki ya 14 waliendelea kuwakimbia watu kama wanyama wa porini. Mkingoja wiki ya 16 ndipo mwanze, mtakuwa mmechelewa. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitamka wazi kwamba kumzoesha kuanze kabla chanjo hazijakamilika. Kwa upande wa madarasa ya watoto wa mbwa kilisema yaanze angalau siku 7 baada ya chanjo ya kwanza, mahali safi, pamoja na mbwa wenzake waliochanjwa.

Njia ya kuwaridhisha wote wawili ipo: asikanyage ardhi wanayopita mbwa msiowajua, lakini aione dunia. Mbebeni mikononi au kwenye kapu lenye taulo, mkono mmoja ukishika kifua na mwingine makalio. Kaeni naye getini, kibarazani au dirishani kwa dakika 10, asubuhi na jioni. Chukueni punje 20 za chakula chake cha siku hiyo, zile anazokula bakulini. Kikipita kitu, iwe pikipiki, mtu mwenye mzigo au mtoto anayekimbia, mwacheni akitazame, kisha mpeni punje moja. Msimwite, msimgeuze kichwa, msimpeleke karibu. Atazame, apewe, basi.

Hapa macho yenu ndiyo yanayofanya kazi. Mtoto wa mbwa aliyetulia ana mdomo ulioachia kidogo, masikio yanayozunguka kufuata sauti, mwili mlaini mkononi. Anayeanza kuogopa huufunga mdomo, hulamba pua yake haraka, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza kichwa huku jicho likibaki limekodolea kile kitu, na weupe wa jicho ukaonekana pembeni. Baadaye ndipo hufyata mkia na kutetemeka. Akiikataa punje ambayo nusu saa iliyopita angeigombania, mko karibu mno. Rudini nyuma hatua 5 au 10 mpaka aile tena. Kumlazimisha akae hapo ili azoee humfundisha kwamba mkononi mwenu hakuna pa kukimbilia.

Ndani ya nyumba, mpeni jambo jipya moja au mawili kila siku, si kumi. Tandazeni turubai, kipande cha zulia, boksi lililofunguliwa, kipande cha bati kisicho na makali, mtupe punje juu yake na kumwacha apande mwenyewe. Wekeni chupa tupu za plastiki, bila vifuniko, kwenye beseni pana na kutupia punje katikati, ajifunze kwamba kelele anazozisababisha mwenyewe hazimli. Vaeni kofia pana, miwani ya jua, barakoa, koti la mvua, helmeti. Tembeeni kwa gongo, mkichechemea. Mwavuli ufungueni polepole mkiwa umbali wa mita 3 na mkiuelekeza kando, maana mwavuli unaofunguliwa ghafla usoni mwa mbwa mdogo humtia woga wa miaka.

Viatu vya nje viachwe mlangoni. Kama kuna mbwa aliwahi kuugua parvo kwenye nyumba hiyo, osheni kwanza sakafu kwa sabuni, kisha pakeni dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, iloweshe kwa dakika 10 ndipo msuuze. Udongo hauwezi kusafishwa hivyo, kwa hiyo uani mbwa asishuke mpaka daktari aruhusu.

SWALI: Nilisoma kwamba mbwa azoeshwe sauti, nikamwekea radi kwenye spika. Alijificha chini ya kochi, na sasa anaikwepa spika hata ikiwa imezimwa. Ana wiki 11. Nimeharibu?

JIBU: Hujaharibu, lakini acha sauti kwa muda na urekebishe spika kwanza. Iache imezimwa kwa siku 4 au 5, mwekee chakula umbali ambao anakula bila kuitazama, na kila mlo usogeze bakuli nusu hatua. Akianza kuinusa spika mwenyewe, ndipo urudi kwenye sauti, tena ukitumia simu badala ya ile spika.

Makosa huwa mawili. La kwanza ni ukubwa wa sauti. Anza kwa sauti ambayo wewe mwenyewe unaisikia kwa shida. Mbwa husikia kuliko wewe, na unachotafuta ni sikio kucheza tu, akiendelea na shughuli yake. La pili ni mpangilio, na hili ndilo huwaponyoka wengi. Sauti itangulie, chakula kifuate ndani ya sekunde moja au mbili. Ukimpa chakula kwanza kisha radi ikalia, baada ya siku chache utamwona anakikimbia chakula chenyewe, kwa sababu kimegeuka dalili ya kitisho.

Fanya dakika 3, mara mbili kwa siku. Sauti, punje, kimya cha sekunde 10 hadi 20, sauti, punje. Akimaliza vipindi vitatu mfululizo bila kushtuka, ongeza sauti kidogo sana. Badilisha chumba, badilisha wakati wa siku. Ukiona amegutuka, shusha sauti chini kuliko ilipokuwa kabla ya kuongeza. Sauti za kawaida za nyumbani huhitaji mpango uleule: blenda ianzie chumba cha tatu mlango ukiwa umefungwa, mashine ya kufyonza vumbi ianze kuonekana ikiwa imezimwa, kisha isukumwe bila kuwashwa, kisha iwashwe mbali.

Fahamu pia mpaka wa simu. Spika ndogo haiwezi kutoa mngurumo mzito wa radi, wala haitikisi madirisha, wala haileti mwanga wa umeme. Mbwa aliyezoea rekodi bado anaweza kushangazwa na mvua ya kweli. Siku hiyo ikifika, kila radi ikipiga mrushie punje kabla hajaamua kama aogope. Na akikujia anatetemeka, mkumbatie. Ile imani kwamba ukimbembeleza mbwa mwoga unamwongezea woga haina msingi: woga si hila anayoifanya ili alipwe.

SWALI: Habari za kazi. Mimi na dada yangu tunafanyia kazi nyumbani, hivyo mbwa wetu wa miezi 3 hajawahi kubaki peke yake. Hunifuata hadi chooni. Juzi tulitoka dakika 15, tukakuta amekojoa mlangoni na ameukwangua mlango. Watu wanatuambia tumwache alie mpaka azoee.

JIBU: Msimwache alie. Mtoto wa mbwa anayelia nusu saa kisha akanyamaza amechoka tu, hajatulia, na kesho atauogopa mlango mapema zaidi. Hata ule mkojo msimwadhibu. Kwa hesabu ya kawaida, mchana mbwa mdogo huweza kujizuia kwa saa zinazolingana na umri wake kwa miezi, ukiongeza moja, yaani wenu angeweza kukaribia saa 4. Aliyekojoa ndani ya dakika 15 amekojoa kwa hofu.

Kwa kaya zinazoshinda nyumbani, hili ndilo somo tunalolipa uzito kuliko yote. Wageni hata wakija mara chache huja. Kubaki peke yake hakutokei kabisa usipokupanga.

Anzeni mkiwa bado ndani. Wekeni kizuizi kifupi mlangoni mwa chumba, kile cha kuzuia watoto wachanga au ubao anaoweza kuona juu yake. Mpeni kitu cha kumshughulisha upande wake, mathalani punje zilizoviringishwa ndani ya taulo kuukuu, nanyi kaeni upande wa pili mkifanya kazi. Dakika 2, rudini kabla hajaanza kulialia. Mara tatu au nne kwa siku. Watoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, kwa hiyo nafasi mnazo tele: mwekeni humo akiwa amekojoa, amecheza na macho yanaanza kusinzia. Akilala huku nyinyi hampo chumbani, tayari anajifunza.

Akishaweza dakika 10 nyuma ya kizuizi, hamieni kwenye mlango wa kutokea. Kabla ya kutoka, vunjeni nguvu ya dalili: chukua funguo, kaa chini, vaa viatu, nenda jikoni, beba begi, washa redio. Fanyeni hivyo mpaka asinyanyue kichwa. Kisha toka, funga mlango, hesabu sekunde 5, ingia bila shangwe. Halafu sekunde 10, 5, 20, 8, 30, 15. Muda upande na kushuka. Ukiwa unaongezeka tu kila safari, mbwa hugundua kwamba kila kuondoka ni kubaya kuliko kulikotangulia. Kipindi kimoja kisizidi safari 10, na siku moja kwa wiki apumzike.

Acheni simu moja ndani ikirekodi. Mtaona anautazama mlango, anatembea kidogo, anajilaza na kushusha kidevu sakafuni: hapo mmefaulu. Mkiona anahema mdomo wazi ilhali hakuna joto, anatoa mate, anazunguka bila kusimama au anabweka kwa sauti nyembamba inayojirudia, muda umezidi. Punguzeni kwa nusu kesho yake. Sehemu ngumu huwa nusu saa ya kwanza. Akifika dakika 30 au 40 kwa utulivu, kwa kawaida kuongeza hadi saa moja na mbili huenda haraka zaidi.

Kinachowaangusha wengi ni siku za katikati. Wanamfundisha dakika 4 asubuhi, mchana wanakwenda shughuli zao saa 2 na kumwacha. Safari moja ya namna hiyo hufuta kazi ya wiki nzima. Kwa wiki hizi chache mmoja wenu abaki, au mbwa aende nanyi, au apelekwe kwa mtu anayemjua.

Usiku alale karibu nanyi, kikapu kikiwa kando ya kitanda. Baada ya wiki mbili kisogezwe kidogo kidogo mpaka pale mnapotaka alale. Kulala karibu nanyi hakuharibu mafunzo ya mchana. Mbwa aliyelala vizuri hufundishika.

SWALI: Sisi wageni hawatujii kabisa, labda mara moja kwa wiki. Na akija mtu, mbwa wetu wa wiki 13 hubweka na kujificha nyuma ya miguu yangu. Nifanye nini wakati watu wenyewe ni wachache?

JIBU: Kwa kuwa ni wachache, kila mmoja atumike vizuri. Mwambie mgeni kabla hajaingia: asimtazame mbwa machoni, asimwinamie, asimwite, aketi. Baada ya dakika moja arushe punje nyuma ya mbwa, si mbele yake. Punje inayorushwa nyuma humpa nafasi ya kuondoka, na akishakula hugeuka kumtazama mgeni kwa hiari yake. Punje inayoshikwa mkononi humvuta mbwa mwenye njaa hadi mahali ambapo moyo wake bado hauko. Akimaliza kuitafuna anajikuta karibu na mgeni, anashtuka, na hapo ndipo wengine hung'ata.

Akikaribia mwenyewe, mgeni amkune kifuani au shavuni kwa sekunde 3, aache, mkono urudi magotini. Mbwa akisogea tena, amkune tena. Akiondoka, jibu limetolewa, aheshimiwe. Hakuna kumpapasa kichwani kutoka juu, hakuna kumpokezana mikononi.

Wasiokuwa wageni wa kuketi nao wana faida. Anayeleta mzigo, anayesoma mita, jirani anayesalimia juu ya uzio: simama nao dakika moja wewe ukiwa umembeba mbwa, umbali wa mita 3 au 4, ukimpa punje wakati mnaongea. Mtu asimguse. Tunapenda kukutana kwa namna hii kuliko kubebwa na watu 20 kwenye sherehe, jambo ambalo baadhi ya wafugaji hulifanya kwa nia njema kabisa na kuondoka na mbwa anayekimbia mikono.

Tafuteni pia tofauti: mwenye ndevu, mzee wa mkongojo, mwenye kiti cha magurudumu, mwenye sare, watoto wa rika mbalimbali. Wanane wanaotofautiana wanamfaa kuliko 30 wanaofanana.

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 anapenda kumbeba mbwa wetu. Jana mbwa alinguruma. Nilimpiga kofi la mdomo. Je, atakuwa mkali?

JIBU: Mama, usimpige tena. Kunguruma ndilo neno la mwisho alilonalo kabla ya meno. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, kisha siku moja huuma bila kumwonya mtu.

Mtoto asimbebe kamwe. Kanuni iwe moja ambayo mtoto wa miaka 4 anaweza kuishika: ukimtaka mbwa, kaa chini sakafuni umwite, asipokuja, mwache. Mbwa akiwa anakula, amelala au ana kitu mdomoni, haguswi. Mpe mbwa kona yenye kizuizi ambako mtoto hafiki. Na wawili hao wasiachwe chumba kimoja bila mtu mzima, hata kwa dakika ya kuepua sufuria.

Mbwa akimwuma mtoto na ngozi ikachubuka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mbwa kwa kawaida huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki ya 12, kwa hiyo watoto wengi wa mbwa bado hawana kinga.

SWALI: Akiguswa miguu anang'ata. Tutamkataje kucha?

JIBU: Gusa bega sekunde moja, mpe punje. Mara tano. Kesho teremsha mkono hadi kiwiko, keshokutwa hadi wayo, kisha bonyeza kidole kimoja mpaka ukucha utokeze. Mguso kwanza, punje baadaye, kama tulivyosema kwenye sauti. Akiuvuta mguu usiukaze. Uachie, rudi juu ulipokuwa. Wiki ya pili kilete kikata kucha, akinuse, apate punje. Kisha kata kijiti cha tambi kavu karibu na wayo wake: mlio ule mkavu unafanana na wa ukucha, na ndio unaowashtua wengi. Siku ya kukata kweli, kata ukucha mmoja tu, ncha ya milimita 1. Kwenye ukucha mweupe utaiona sehemu ya waridi yenye damu. Kwenye mweusi punguza vipande vyembamba na uache mara uonapo kidoa chenye unyevu katikati.

Masikio, mdomo na tumbo vifanyiwe hivyohivyo, kwa sababu daktari atavigusa vyote. Kuwa mpole zaidi kwenye mdomo kati ya mwezi wa 3 na wa 7, wakati meno 28 ya utotoni yanang'oka na kuachia 42 ya ukubwani. Fizi zinauma, na ndiyo sababu mojawapo ya kung'ata mikono. Akikung'ata katika mchezo, ganda, usivute mkono, umpe cha kutafuna. Asipoacha, ondoka chumbani kwa sekunde 20.

SWALI: Nimechukua mbwa wa miezi 5 aliyekulia kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Anaogopa watu, magari, hata fagio. Nje hatembei, anajilaza chini. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Je, huyu ameshakauka?

JIBU: Hajakauka, ila kipimo kinabadilika. Mtoto wa wiki 9 hukiona kitu kipya mara mbili tatu akakizoea. Huyu atahitaji mara 30, na huenda asiwe kamwe mbwa wa kwenda sokoni. Anaweza kuwa mbwa mtulivu nyumbani mwako na kwenye njia mbili tatu anazozijua. Kwetu hilo ni lengo linalotosha.

Wiki 2 za kwanza usimtoe matembezini kabisa. Apate chumba kimoja, mahali pa kujificha ambapo hakuna anayemfuata, milo kwa saa zilezile, na sauti yako ikikutangulia kila unapoingia. Kaa sakafuni ukiwa umempa ubavu, usome kitabu au simu yako, utupe punje kila baada ya dakika bila kumtazama. Akianza kuja kukunusa mgongo, usigeuke.

Kisha chagua kitu kimoja, si vyote. Tuseme fagio. Lilaze chini upande wa pili wa chumba, likiwa halitembei. Tafuta umbali ambao analitazama na bado anakula. Huo ndio mwanzo, hata kama ni mita 6. Akila punje 10 kwa mwili uliolegea, kesho sogeza nusu mita. Akishafika kulinusa, rudi mita 6 ndipo uliinue, na umbali uanze upya. Kusimama, kutikisika na kufagia ni vitu vitatu tofauti machoni pake. Watu huruka hapa, wanaona amelikubali fagio lililolala wanaanza kufagia, mbwa anakimbia, wanasema hafundishiki.

Kwa magari, anzia ndani ya geti lililofungwa, saa ambayo barabara ina gari moja kila dakika 5. Atumie mkanda wa kifuani uliombana sawasawa, vidole viwili vipite chini yake, pamoja na kamba ya mita 3 au zaidi. Kamba ya shingoni kwa mbwa mwoga haifai: akijivuta kinyumenyume kichwa hutoka, na mbwa wa namna hii akikimbia hasikii jina lake. Akijilaza usimburute. Keti naye, mwache atazame, na akiinuka kwa hiari geuka naye mrudi nyumbani, maana kurudi nyumbani ndiyo zawadi anayoitaka.

Mbwa mwenzake mtulivu, mkubwa, aliyechanjwa, humsaidia kuliko maneno yetu yote. Wakutane uani, kamba zikiwa zimelegea, mkitembea sambamba umbali wa mita 5 kabla ya kunusana. Kunusana kwa kwanza kusizidi sekunde 3, kisha muwaite pembeni.

Kati ya mwezi wa 6 na wa 14 mbwa wengi hupata kipindi kingine cha woga, hata waliolelewa vizuri. Kitu alichokizoea wiki iliyopita huanza kumshtua. Usiongeze shinikizo, rudi hatua mbili kwenye umbali, subiri wiki moja au mbili.

Andika kila jioni mstari mmoja: kitu gani, umbali gani, alikula au alikataa. Baada ya wiki 4 linganisha. Kama umbali haujapungua hata kidogo, au ameanza kukataa chakula hata ndani ya chumba chake, mpeleke kwa daktari wa mifugo na hiyo karatasi mkononi. Maumivu ya nyonga, masikio au tumbo humfanya mbwa aonekane mwoga, na kwa woga uliokita mizizi zipo dawa zinazopunguza hofu kiasi cha kumwezesha kujifunza. Umri wa miezi 5 hauzuii kuzitumia, ila kipimo akiweke daktari aliyempima uzito. Usimpe dawa ya binadamu.